Waliobaki Kimya

Mwamiaji, mashine ya kulinda nafaka, alipanda hewani jua lilipoanza kuchomoza, akatulia juu ya shamba la mtama kama sufuria iliyofunikwa, akaanza kazi. Hakuwa na mabawa wala moshi. Chini ya tumbo lake palikuwa na mdomo mpana wa kutolea kile ambacho wahandisi walikiita kishindo bubu, yaani pigo la sauti ambalo sikio la mtu halilisikii, lakini likimpata kiumbe mdogo humvunja ndani kwa ndani. Ndege mmoja aliruka kutoka kwenye suke. Mwamiaji akageuka taratibu, kama mtu anayegeuza shingo amsikilize mwenzake, na yule ndege akaanguka.

Asubuhi ile hakuruka mwingine. Mbingu ilikuwa safi hadi ilipokutana na ardhi, na mtu ambaye hakujua angedhani shamba liko salama.

Nyemo alijua. Alikuwa mhandisi wa Idara ya Walinzi wa Nafaka, na alikuwa amesimama kwenye tuta, mkononi ameshika suke lililonyonyolewa likabaki makapi. Aliinama, akasukuma majani ya chini, akawaona. Walikuwa kwelea kwelea, wale wale wenye mdomo mwekundu, lakini walikuwa wakitembea. Wengine walidonoa punje zilizodondoka. Wengine walipanda bua kwa miguu kama mijusi, upande wa kivulini, wakala na kushuka. Alipiga makofi. Hawakushtuka. Aliwakanyagia mguu karibu. Walisogea hatua mbili tatu, wakaendelea kula.

Jiji la Chilolwa lilijengwa katikati ya tambarare za Ugogo, wakati joto lilipowafukuza watu kwenye miji ya zamani. Kuta zake ndefu zilinyonya unyevu wa hewa na kuugeuza maji ya kunywa, na kulizunguka kulikuwa na mtama na uwele mpaka macho yachoke. Mashine zilipanda, zikapalilia, zikavuna. Watu walikatazwa kuingia mashambani.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani nafaka ilipokomaa, akina mama na watoto walijenga dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mtama, wakashinda huko wakipiga mayowe, wakigonga makopo na kurusha mabonge ya udongo kwa kombeo. Kazi hiyo iliitwa kuamia. Ndege walikuja kama moshi, wakafukuzwa, wakaenda kwa jirani, alasiri wakarudi. Walikula kidogo, watu wakavuna kilichobaki.

Wahandisi wa kwanza walipotaka kutengeneza mashine ya kuamia, iliwabidi waieleze mashine kazi yake kwa maneno machache yanayopimika. Wakaandika kwamba kuamia ni kumfanya ndege asirudi. Hakuna aliyeona ubaya wa maneno hayo. Mashine ikajaribu kelele, ikajaribu mwanga mkali, na kila alasiri ndege walirudi, kama walivyokuwa wakiwarudia akina mama. Basi ikaendelea kutafuta, kwa uvumilivu ambao mtu hana, mpaka ikagundua ni ndege gani asiyerudi.

Miaka thelathini na kitu maghala yalijaa, na Mwamiaji alisifiwa hata na watoto wa chekechea. Sasa nafaka ilikuwa inaliwa kutoka chini, na mgao wa unga mjini ulikuwa umeshapunguzwa mara mbili.

Nyemo alichukua kiota kimoja chenye mayai, pamoja na mama yao, akawapeleka maabara. Akawaweka ndani ya kioteo, sanduku la kioo linaloshika joto na kusikiliza kila mnong'ono ulio ndani yake. Mayai yalipoanguliwa, vifaranga waliinua shingo zao nyembamba, wakafungua midomo mikubwa, wakasubiri. Nyemo akaongeza sauti ya spika. Hakusikia kitu. Akadhani kifaa kimeharibika, akagonga kioo kwa ukucha, na mlio wa ukucha wake ukasikika kama nyundo.

Vifaranga hawakuwa wakilia. Walifungua midomo tu, na mama yao, aliyeshughulika bila kupumzika, alimtilia kila mmoja chakula kooni.

Nyemo alikaa pale akiwatazama mpaka chai yake ikapoa.

*

Aliishi na mama yake pembezoni mwa jiji, kwenye nyumba za ghorofa moja ambazo bado zilikuwa na ua na jiko la kuni. Alipofika, gunia la katani lilikuwa limeanikwa mlangoni, limelowa tope, likidondosha maji. Alilikwepa asichafue viatu. Alikuwa akiliona pale kila siku, akajua ni la kubebea masazo, zile punje zinazoachwa shambani.

"Mbukwa, mama," alisalimu, kwa salamu ya kwao.

"Mbukwa, mwanangu. Umechelewa, mlenda unapoa."

Mama Nyemo alisema kwa kunong'ona. Alikuwa anasonga ugali wa uwele, mgongo umepinda juu ya chungu. Kando yake, juu ya kigoda, alikaa jirani yake Mama Sechelela, akipepeta punje walizookota asubuhi. Alipepeta polepole mno, ili ungo usilie.

"Mhandisi wetu kaja," Mama Sechelela alinong'ona. "Msomi anayelipwa kukimbizana na ndege wasiokimbia."

"Shikamoo, Mama Sechelela."

"Marahaba. Kaa chini, umekonda kama bua. Na hizo simu mnazovaa masikioni, hazikwambii kwamba njaa inauma?"

Nyemo akacheka, akaketi. Hapo mwiko uliteleza, na bonge la ugali wa moto likamrukia mama yake kwenye mkono wa kulia. Mama Nyemo akafumba macho. Akanyonya kidole, akashika tena mwiko. Hata "aa" hakusema. Mama Sechelela alikuwa ameshachana kipande cha khanga yake, akakichovya kwenye maji ya mtungi na kumfunga mwenzake, kisha akarudi kwenye ungo kana kwamba hajafanya lolote.

"Khanga nzuri hiyo," Mama Nyemo alisema.

"Ilikuwa imezeeka. Kama mimi."

Walipokuwa wakila, Nyemo aliwaeleza habari za vifaranga.

"Wagonjwa?" mama yake aliuliza.

"Wazima. Wananenepa."

"Sasa nani kawafundisha kunyamaza? Na kutembea, nani kawafundisha?"

"Hakuna aliyewafundisha, mama. Nyumbani kwenu mlizaliwa wengi. Wote mlikuwa wapiga kelele?"

"Mimi na kaka yangu Chiwanga tu. Wengine walikuwa wapole kama maji ya mtungi."

"Basi na ndege ni hivyo hivyo, hawafanani. Kila kiumbe amebeba maagizo aliyorithi kwa wazazi wake, tunayaita vinasaba. Maagizo hayo yanaponakiliwa kwenda kwa mtoto, mara mojamoja panatokea kosa dogo, kama mtu anayenakili barua akaruka herufi. Makosa mengi hayana maana. Mengine yanaua. Mengine yanamfanya ndege awe mzito wa kuruka, au asiwe na sauti. Zamani ndege wa namna hiyo alipata taabu, wenzake walimwacha nyuma, walikuwa wachache sana. Akaja Mwamiaji. Aliyeruka akafa kabla hajazaa. Aliyelia akajulikana alipo, akafa. Yule mzito asiye na sauti akabaki, akazaa watoto kama yeye. Na kwelea huzaa upesi, kizazi juu ya kizazi. Hakuna ndege hata mmoja aliyejibadilisha. Ni kundi lililobadilika, kwa sababu ya waliobaki."

Mama Sechelela aliweka tonge chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, kwa maana ndivyo alivyocheka, bila sauti.

"Kumbe miaka yote hiyo mlikuwa mnafuga!"

"Tulikuwa tunafuga," Nyemo alikubali, naye hakucheka sana.

Kisha akawaambia jambo lililokuwa likimkaa rohoni. Idara ilimwagiza atengeneze mashine nyingine, Jicho la Chini, itakayotambaa katikati ya mistari na kupiga kishindo bubu huko huko chini, kabla mavuno hayajaisha kabisa. Alikuwa karibu kuimaliza.

"Nawaomba msiende mashambani, mama. Angalau hadi mavuno yapite."

Wanawake wale wawili wakatazamana. Mama Nyemo hakuokota masazo kwa sababu ya shida yake mwenyewe, mwanawe alimtunza. Aliokota kwa ajili ya wajukuu wa Mama Sechelela, na kwa ajili ya wagonjwa wawili wa mtaa wa nyuma, ambao mgao mpya haukuwatosha. Kila jioni aliacha kibakuli mlangoni mwao na kuondoka kabla hawajamshukuru.

"Nikikaa nyumbani," alisema, "huyu atabeba peke yake. Na goti lake unalijua."

"Goti langu liache," Mama Sechelela alinong'ona.

Nyemo alijua hatashinda. Akamshika mama yake mkono ule uliofungwa khanga. "Basi nisikilizeni. Jicho halitamgusa mtu. Likiona mwili wenye joto uliozidi ukubwa wa kuku, linasimama. Na likiwa halina uhakika, nimeliwekea masikio. Likisikia sauti ya binadamu linajizima. Ukisikia kitu kinatambaa, piga yowe, mama. Kama ulivyopiga zamani ukiwa juu ya dungu. Wewe si ulisikika mashamba matatu?"

"Manne," Mama Sechelela alisema. "Wanaume walikuwa wanaulizana, nani huyo anayechinjwa?"

"Ukishindwa hilo, sema chochote. Sema jina langu tu."

"Nitasema," mama yake akajibu. "Jina lako nitashindwaje kulisema?"

*

Jicho la Chini lilikuwa dogo kama kobe, na lilitambaa kama kobe, ila halikuchoka. Halikuona rangi. Liliona joto, na mwendo. Nyemo alilijaribu mbele ya mkurugenzi wake, Bwana Ndalu, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kusahau majina, ambaye hata hivyo kila asubuhi alimwachia mlinzi wa getini nusu ya mkate wake. Walileta mbuzi shambani, Jicho likasimama. Walimlaza kijana wa ofisini kati ya mistari, likasimama. Nyemo mwenyewe alichuchumaa, likamkaribia, likamtazama na kumpita kando. Kila mahali lilipopita, ndege walilala chini wakiwa wametulia, kana kwamba wamesinzia.

"Kazi safi," alisema Ndalu. "Lakini hili la masikio linatuchelewesha. Sheria inasema shambani hakuna mtu."

"Sheria inasema. Watu wapo, mkurugenzi."

"Wale waokota masazo?" Alijifuta jasho. "Nilidhani walikwisha. Miaka ile ya kwanza tuliwakamata wengi. Ilikuwa rahisi, Mwamiaji alisikia sauti zao, akawaita walinzi. Walipelekwa kambi za kaskazini, na sijasikia aliyerudi. Siku hizi Mwamiaji hasikii mtu kabisa."

"Hasikii," Nyemo alisema. "Masikio yabaki, mkurugenzi. La sivyo sitaweka sahihi."

Ndalu akamtazama, akaguna. "Haya. Yabaki."

Nyemo akashukuru. Alitoka pale amefurahi kwamba ameshinda, na maneno ya mkurugenzi yakampitia kama upepo. Hakuyageuza upande wa pili ayatazame.

*

Siku Macho ya Chini yalipotolewa yote, Nyemo alisimama kwenye tuta tangu alfajiri, kifaa cha kuzimia kikiwa mkononi, masikio ameyategesha. Mashamba yalikuwa makubwa, lakini alichagua kusimama upande ambao mama yake alizoea kuingilia. Alisikia majani yakisuguana. Alisikia Macho yakitambaa, mlio mdogo kama wa mtu anayekuna kitambaa. Alisubiri yowe, au kikohozi, au jina lake.

Hakusikia kitu, akamshukuru Mungu. Alisema moyoni kwamba leo hawakuja, labda goti la Mama Sechelela limewazuia.

Jua lilikuwa limeshapanda alipomwona Mama Sechelela akitoka katikati ya mtama, akitembea haraka kwa goti lake bovu. Alikuwa amejifunika gunia lililolowa tope kuanzia kichwani hadi miguuni, uso tu ndio ulioonekana. Mikono yake ilikuwa ikimwita Nyemo. Mdomo wake ulikuwa wazi, na hakuna kilichotoka.

Nyemo alikimbia.

Alimkuta mama yake amekaa chini, naye amefunikwa gunia lake la tope, baridi na zito. Ameulaza mkono wa kulia juu ya magoti yake kama mtu aliyebeba kitoto cha paka. Hakukuwa na damu. Kishindo bubu hakichani ngozi. Lakini mkono ulikuwa umekuwa mweusi na kulegea kuanzia kwenye kifundo, na vidole havikuwa tena na umbo ndani yake. Kando yake, umbali wa hatua moja, Jicho la Chini lilikuwa linageuka kuendelea na mstari.

"Mama!" Nyemo alipiga ukelele, na kwa sauti hiyo Jicho likajizima papo hapo, likatulia, kama lilivyofundishwa.

Hapo ndipo alipoelewa lile gunia. Miaka yote alidhani ni la kubebea. Wanawake walililowesha tope ili lifiche joto la miili yao, Mwamiaji asiwaone kutoka juu. Jicho halikumwona mama yake. Liliona kitu kimoja tu kilichotoka chini ya gunia, kidogo, chenye joto, kikienda mbele na kurudi nyuma, kikidonoa punje moja baada ya nyingine ardhini.

*

Madaktari wa Chilolwa walikuwa na mashine za kushona mishipa na za kuotesha mifupa, lakini hapakuwa na kilichobaki cha kushonwa. Waliuondoa mkono. Nesi mmoja, msichana mwenye macho ya usingizi, alikaa na Mama Nyemo baada ya zamu yake kwisha, akamsuka nywele, kwa sababu alisema zimechanganyikana na matope na si vizuri mtu alale hivyo.

Nyemo alisubiri mpaka nesi alipotoka.

"Mama. Ulilisikia likija?"

"Nililisikia."

"Nilikuwa pale pale. Hatua chache. Ungesema tu."

Mama yake alitazama dari. Hakutaka kumdanganya mwanawe, na hakutaka kumuumiza.

"Nilisema, mwanangu. Jina lako nililisema. Ila lilikuwa ndani. Mdomo ulifunguka, nililihisi jina lipo hapa kooni, sauti ikakataa kuja. Hata liliponipiga, nilitaka kulia. Sikuweza. Mwaka ule walipomkamata dada yangu tulikuwa wote shambani. Nyoka alimpitia mguuni akapiga kelele, mara moja tu. Nakuambia, mara moja. Tangu siku ile… Wenye sauti waliondoka wote. Sisi ni wale wengine."

Nyemo alikumbuka maneno ya Ndalu. Alikumbuka na ungo usiolia, na mabega ya Mama Sechelela yanayocheka peke yake, na ugali wa moto juu ya ngozi. Alikuwa ameweka usalama wa mama yake juu ya yowe, na yowe lilikwisha kuondolewa mashambani kabla yeye hajajifunza kusoma.

"Usilie," mama yake alinong'ona. "Wewe ulitaka kutulinda. Masikio yale uliyaweka wewe."

*

Ndalu alimpokea akiwa amesimama. Alimpa pole ya kweli, akamwekea kiti mwenyewe, akamtilia maji.

"Nataka yaondolewe," Nyemo alisema. "Macho yote."

"Nafaka imeokoka, Nyemo. Wiki ijayo mgao unarudi kama zamani. Watoto wa jiji zima watashiba." Alikuwa akizungusha glasi mezani. "Mkono wa mama yako unaniuma, amini. Lakini nifanyeje? Niwaambie watu wale nini?"

"Na ndege unawajua watakuwa nini, baada ya miaka mingine thelathini? Tukiwaua wanaotembea mchana, tutabaki na wanaotembea usiku. Tukiwaua wenye joto, tutabaki na wenye baridi. Kila tunapoua tunachagua, mkurugenzi. Hatujui tunachagua nini."

"Miaka thelathini," Ndalu alisema kwa upole, "mimi sitakuwepo."

Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu aliyechoka.

Basi kesho yake Nyemo hakwenda ofisini. Alikwenda shambani, mahali ambapo zamani palikuwa na dungu la mama yake, na sasa palikuwa na tuta tupu. Akapanda juu, akavuta pumzi, akapiga yowe. "Hoyaaa! Hooo-yaa!" Yowe la kuamia, alilolisikia utotoni kwenye hadithi tu, kwa kunong'onezwa. Sauti yake ilipasuka mara ya kwanza, ya pili ikaenda vizuri. Na kote ilikofika, Macho ya Chini yalisimama moja baada ya jingine, yakajizima.

Kwelea hawakuruka. Waliendelea kula.

Aliona magunia ya tope yakitikisika hapa na pale katikati ya mtama, mengi kuliko alivyodhani. Nyuso zikachungulia. Walikuwa wanawake wa umri wa mama yake, na wengine wa umri wake yeye.

"Pigeni nanyi!" aliwaambia. "Mkipiga linazimika! Oneni! Hoyaaa!"

Walimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyerukwa na akili kwa msiba. Mmoja alifungua mdomo. Nyemo akasubiri, ameinamia mbele, mikono imeinuka kama ya mwalimu wa kwaya. Mdomo ukabaki wazi kidogo, ukafungwa. Yule mwanamke akainama akaokota. Mwingine, kabla ya kuondoka, alikuja kimya hadi chini ya tuta, akaweka chupa ya maji karibu na miguu ya Nyemo, akarudi kwenye mtama.

Aliamia peke yake mpaka alasiri, walinzi walipokuja kumshusha. Walimshusha kwa heshima, kwa kuwa walimjua. Walimnyang'anya kitambulisho cha Idara, wakamwonya kwamba akionekana tena kwenye tuta lile atapelekwa kaskazini. Hakuweza kuwajibu. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

Nyumbani alimkuta mama yake, aliyeruhusiwa kutoka hospitali siku hiyo, ameketi kwenye mkeka. Mama Sechelela alikuwa ameshasonga ugali na kupika mlenda, akaondoka, akiwaachia na kibakuli cha punje zilizopepetwa. Mlenda hauliwi kwa kijiko, na mkono wa kushoto hauingizwi kwenye sahani ya pamoja, hayo Mama Nyemo aliyafuata maisha yake yote. Chakula kilikuwa mbele yake, na alikuwa hajagusa.

Nyemo akanawa. Akamega tonge, akaliminya kwa kidole gumba, akachovya na kulizungusha ili mlenda ukatike.

Mama yake akamtazama kwa aibu kidogo. Kisha akainua shingo yake nyembamba, akafungua mdomo, akasubiri.

Nyemo aliutazama mdomo ule mpaka mlenda ukaanza kudondoka kwenye mkeka. Halafu akamlisha.